Kabla ya kusema Java imegoma, chunguza ni Java ipi inayoitika

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Maombi mengi ya msaada wa Java huletwa kwa sentensi moja tu: "Java imegoma kwenye kompyuta yangu, nisaidieni." Anayetaka kusaidia hana pa kushika, kwa sababu haelezwi kama kompyuta inatumia Windows au Linux, kama Java ni toleo la 8 au la 21, wala kama kilichogoma ni Java yenyewe, Maven au Gradle (zana za kujenga miradi na kupakua maktaba zake), au kihariri cha msimbo. Matokeo yake kila mchangiaji anatoa tiba yake, mwombaji anazijaribu zote kwa mkupuo, na kompyuta iliyokuwa na kasoro ndogo inaishia kuwa na Java nne zinazogombea jina moja.

Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo ya mazingira ya Java, hasa yale yanayoanza siku mtu aliposakinisha programu mpya au alipofungua mradi wa mwenzake, haitokani na Java kuharibika. Inatokana na kompyuta kuwa na Java zaidi ya moja, huku kila chombo kikichagua ya kwake. Dirisha la amri hupitia folda zilizoorodheshwa kwenye kigeu cha mazingira kiitwacho PATH, moja baada ya nyingine, na huchukua `java` ya kwanza linayokutana nayo. Maven hutazama kigeu kingine, JAVA_HOME, na kikiwapo haijali PATH inasema nini. Kihariri cha IntelliJ IDEA hutunza chaguo la JDK (Java kamili yenye kompaila, yaani kinachogeuza msimbo kuwa programu) ndani ya mipangilio ya mradi, kihariri cha Eclipse kina orodha yake ya Java zilizosakinishwa, na Gradle inapoendeshwa kutoka IntelliJ ina mahali pengine tena pa kuchagulia. Ndiyo maana mtu anaweza kusema bila kudanganya kwamba ana Java 17, na papo hapo programu yake ikawa inaendeshwa na Java 8.

Kwa hiyo, kabla ya kufuta wala kusakinisha chochote, fungua dirisha jipya la amri, endesha amri hizi na unakili majibu yake yote. Kwenye Windows ni hizi:

    where java
    where javac
    echo %JAVA_HOME%
    java -version
    javac -version
    mvn -v

Anayetumia PowerShell aandike `where.exe` badala ya `where`, kwa sababu humo ndani `where` ni amri ya kazi nyingine kabisa na hatapata jibu lolote la maana. JAVA_HOME ataiona kwa `$env:JAVA_HOME`. Kwenye Linux tumia `which -a java`, kisha `readlink -f "$(which java)"` ili uone faili halisi iliyo nyuma ya viungo. Kwenye Mac, amri ya `/usr/libexec/java_home -V` huorodhesha JDK zinazotambuliwa na mfumo.

Jibu la `mvn -v` lisomwe kwa makini kuliko mengine. Mbali na toleo la Maven, linataja toleo la Java ambalo Maven inalitumia na folda ambamo Java hiyo imo. Ikiwa folda hiyo si ile uliyoitarajia, umeshapata nusu ya jibu kabla hata hujauliza mtu.

Kama `java` inaitika lakini `javac`, ambayo ndiyo kompaila, haitambuliki, ama folda ya `bin` ya JDK haimo kwenye PATH, ama ulichosakinisha ni mazingira ya kuendeshea programu tu (JRE), yasiyo na kompaila. Kwenye Ubuntu, kwa mfano, kifurushi cha `openjdk-17-jre` ni cha kuendeshea, na anayeandika programu anahitaji `openjdk-17-jdk`. Maven hulisema hilo wazi: "No compiler is provided in this environment. Perhaps you are running on a JRE rather than a JDK?" Nashangaa ni watu wangapi huleta ujumbe huo huku wamekata nusu yake ya pili, ambayo ndiyo yenye jibu.

Hapo ndipo linapokuja suala la ujumbe wa kosa wenyewe. Tafadhali ulete kama maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu kwa pembeni, kwa sababu maandishi yanaweza kutafutwa na kunakiliwa. Ulete wote, hata kama una mistari mia mbili. Java inapoanguka, mara nyingi kosa la juu ni la tabaka la nje lililopokea kosa la tabaka la ndani. Mstari unaoanza na "Caused by" hushuka hatua moja kuelekea kwenye chanzo, na "Caused by" ya mwisho ndiyo kwa kawaida inayotaja kilichotokea hasa. Anayekata ujumbe baada ya mistari kumi ya kwanza huwa amekata chanzo na kutuletea malalamiko.

Nimalizie kwa kosa linaloongoza kwa kuletwa, ambalo lina namba zinazofaa kukaririwa. Ujumbe wake hudai kwamba darasa fulani limekompailiwa na toleo jipya zaidi, "class file version 61.0", ilhali Java iliyopo inatambua hadi "52.0" tu. Kila faili ya `.class` hubeba namba ya muundo wake, na ukitoa 44 kwenye namba hiyo unapata toleo la Java: 52 ni Java 8, 55 ni Java 11, 61 ni Java 17, na 65 ni Java 21. Kwa hiyo ujumbe huo unasema tu kwamba kompaila ilikuwa ya Java 17 na mwendeshaji ni Java 8. Anayetaka kuhakikisha atumie `javap -v` juu ya faili hiyo ya `.class` na kutafuta mstari wa "major version".

Wenye matatizo walete sasa, pamoja na majibu ya amri hizo.

#2 – Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa pili

Asante sana mkuu. Langu ni hilo hilo la 61.0 na 52.0. Nina mradi mdogo wa duka ambao Maven inaujenga bila lalamiko lolote, lakini nikiendesha `java -jar target/duka.jar` unakataa. Nimeshaondoa JDK 17 na kuisakinisha upya zaidi ya mara moja, na hali haibadiliki. Natumia Windows 10. Haya ndiyo majibu:

    where java
    C:\Program Files\Common Files\Oracle\Java\javapath\java.exe
    C:\Program Files\Java\jdk-17\bin\java.exe

    where javac
    C:\Program Files\Java\jdk-17\bin\javac.exe

JAVA_HOME ni `C:\Program Files\Java\jdk-17`. Amri ya `java -version` inasema 1.8.0 (yaani Java 8), `javac -version` inasema 17, na `mvn -v` nayo inasema 17. Kwenye PATH nimeiweka folda ya JDK 17 juu kabisa ya orodha, kwa hiyo sielewi kwa nini bado ya zamani inatangulia.

#3 – Mwanzisha uzi

Umeuliza vizuri, mdogo wangu, na majibu yako yanajieleza. Maven ilifuata JAVA_HOME, ikakuta JDK 17, ikakompaili kwa 17. Dirisha la amri lilifuata PATH, likakutana kwanza na folda ya `javapath`, ambamo kisakinishi cha Java 8 kilijiwekea `java.exe` lakini hakikuweka `javac.exe`, kwa kuwa kilikuwa cha kuendeshea programu tu. Ndiyo maana `java` ni 8 na `javac` ni 17 ndani ya dirisha moja. Kusakinisha upya JDK 17 hakuwezi kubadilisha lolote, maana JDK 17 haina kosa.

Sasa kuhusu orodha uliyoipanga. Nina hakika kiasi kwamba umeipanga kwenye sehemu ya juu ya lile dirisha la vigeu vya mazingira, yaani vigeu vya mtumiaji. Windows inapotengeneza PATH ya mwisho huchukua kwanza PATH ya mfumo mzima, kisha huibandika ya mtumiaji nyuma yake. Hata ukiiweka JDK 17 nafasi ya kwanza kwenye orodha yako, bado itakuwa nyuma ya kila kilichomo kwenye orodha ya mfumo, na `javapath` imo humo.

Nenda kwenye sehemu ya chini, "System variables", fungua Path, ongeza `%JAVA_HOME%\bin` na uipandishe hadi juu ya `javapath`. Hakikisha JAVA_HOME nayo imo kwenye sehemu hiyo ya chini, kwa sababu PATH ya mfumo isitegemee kigeu cha mtumiaji mmoja. Thamani yake iwe folda inayobeba `bin`, si `bin` yenyewe, na isiwe na alama za nukuu wala nukta mkato mwishoni. Kisha funga madirisha yote ya amri na ufungue jipya, kwa maana dirisha lililokwisha kufunguliwa hubaki na vigeu vya zamani hadi lifungwe. Ukitumia terminali ya ndani ya VS Code, funga VS Code nzima.

Jambo moja la tahadhari: utakutana na maelekezo yanayokutaka ubadilishe PATH kwa amri ya `setx`. Usiifanye kwa PATH. Amri hiyo hukata maandishi yanayozidi herufi 1024, na PATH ya kompyuta iliyotumika kwa muda hupita hapo kwa urahisi. Utapoteza folda za programu nyingine bila kuambiwa ni zipi.

#4 – Mchangiaji

Mkuu, kwa heshima zote, hii ni kuzunguka mbuyu. Ondoa Java zote kwenye kompyuta, sakinisha moja iliyo mpya kabisa, mambo yaishe. Kuwa na Java mbili ni kujitafutia kesi.

#5 – Mchangiaji, msanidi wa mifumo ya afya

Ndugu wa hapo juu, ushauri wako unamfaa mwenye mradi mmoja. Sisi wengine hatuna anasa hiyo. Mimi hushughulikia moduli za OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao ulisimikwa kwa mara ya kwanza Eldoret mwezi Februari 2006 na baadaye mwaka huo huo Rwinkwavu nchini Rwanda. Moduli nyingi za zamani ambazo bado zinafanya kazi vituoni zilijengwa kwa Java 8. Wakati huo huo huduma mpya tunaziandika kwa Spring Boot 3 (maktaba ya kuundia huduma za mtandao kwa Java), ambayo tangu ilipotoka Novemba 2022 haikubali chini ya Java 17. Nikiondoa 8, vituo vinakosa marekebisho. Nikiondoa 17, kazi mpya inasimama.

Wala Java mpya si ile ya zamani iliyoongezewa tu, kuna vilivyoondolewa. Java 11, iliyotoka Septemba 2018, iliondoa JAXB, maktaba ya kushughulikia XML, ndani ya JDK, na ndiyo sababu mradi wa zamani ukiuendesha juu ya 11 bila kuongeza maktaba hiyo unaanguka kwa `NoClassDefFoundError: javax/xml/bind/JAXBException`. Java 17 nayo ilifunga milango ya ndani ambayo maktaba nyingi za zamani zilikuwa zikiipitia kwa mlango wa uani, na hapo utaona `InaccessibleObjectException`.

Kwa hiyo Java mbili zikae, mradi kila mradi useme wazi unataka ipi. Kwenye Linux na Mac natumia SDKMAN, zana ya kusakinisha na kubadilisha matoleo ya Java, na ndani ya folda ya kila mradi kuna faili ya `.sdkmanrc` inayotaja toleo lake. Nikiingia kwenye folda naandika `sdk env` na Java inabadilika ndani ya dirisha hilo tu. Anayependa kubaki na zana za Ubuntu yenyewe ana `sudo update-alternatives --config java`, lakini akumbuke kufanya vivyo hivyo kwa `javac`, na akumbuke pia kwamba amri hiyo haigusi JAVA_HOME, kwa hiyo Maven inaweza kubaki kule kule ilikokuwa.

Kuna mtego mmoja ambao ningependa wenzangu wauelewe kwa kina, kwa sababu hautoi kosa lolote wakati wa kujenga. Watu wengi wenye JDK 17 wanaotaka programu yao iendeshwe kwenye Java 8 huweka `source` na `target` kuwa 1.8 kwenye `pom.xml` (faili ya Maven inayoeleza mradi), wanapata faili zenye namba 52, na wanaridhika. Mipangilio hiyo miwili hudhibiti sarufi ya lugha na namba ya faili, lakini haidhibiti ni maktaba ya toleo gani inayotazamwa wakati wa kukompaili. Maktaba inayotazamwa bado ni ya 17. Chukua `ByteBuffer` na mbinu yake ya `flip()`. Katika Java 8 mbinu hiyo imerithiwa kutoka `Buffer` na hurudisha `Buffer`. Kuanzia Java 9, `ByteBuffer` ina `flip()` ya kwake inayorudisha `ByteBuffer`. Kompaila ya 17 huandika ndani ya faili kwamba inaita ile ya pili, na programu ikifika kituoni penye Java 8 inaanza kazi vizuri, inafungua skrini, inapokea data, hadi inapofikia mstari huo ndipo inapoanguka kwa `NoSuchMethodError`. Msimbo chanzo hauna kosa hata herufi moja, na aliyeujenga ataapa kwamba kwake ulifanya kazi.

Dawa ni kuacha `source` na `target` na kuweka hiki kimoja:

    <maven.compiler.release>8</maven.compiler.release>

Mpangilio wa `release` ulikuja na Java 9, na huilazimisha kompaila kutazama maktaba kama zilivyokuwa katika toleo ulilolitaja. Ukiita kitu ambacho hakikuwepo kwenye Java 8, utaambiwa hapo hapo mezani kwako, si na muuguzi kwa simu.

#6 – Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa pili

Mwanzisha uzi, nashukuru. Ilikuwa kama ulivyosema: nilikuwa nimepanga orodha ya mtumiaji. Sasa `java -version` inasema 17 na kosa la mwanzo limekwisha. Limekuja lingine: "Web server failed to start. Port 8080 was already in use."

#7 – Mwanzisha uzi

Hilo ni jepesi na wala si la Java. Kuna programu nyingine imeshika poti hiyo (namba ya mlango wa mtandao ambamo programu husikiliza), na mara nyingi huwa ni mradi wako mwenyewe ulioufunga dirisha lake bila kuuzima. Endesha `netstat -ano | findstr :8080` na utazame namba iliyo mwisho wa mstari. Kisha andika `tasklist /FI "PID eq ..."` ukiweka namba hiyo mahali pa nukta, ili ujue ni programu gani kabla ya kuiua. Ikiwa ni `java.exe` yako ya zamani, izime kwa `taskkill /PID`, namba, kisha `/F`. Ikiwa ni kitu unachokihitaji, iache na uweke `server.port=8081` kwenye `application.properties`.

#8 – Mchangiaji

Mradi niliopewa unatumia Lombok, maktaba inayomwandikia mtu msimbo wa kujirudia. Nimesakinisha JDK 21 na sasa kujenga kunakataa kwa ujumbe unaotaja `NoSuchFieldError`, `JCImport` na `qualid`. Neno "Lombok" silioni popote kwenye ujumbe, na mwenzangu mwenye JDK 17 anaujenga bila tatizo.

#9 – Mchangiaji, msanidi wa mifumo ya afya

Ni Lombok hiyo hiyo. Maktaba hiyo hufanya kazi kwa kuingia ndani ya kompaila yenyewe, kwa hiyo kompaila ikibadilishwa ndani, Lombok ya zamani hupapasa mahali pasipo na kitu. Kwa JDK 21 unahitaji Lombok 1.18.30 au zaidi. Pandisha toleo kwenye `pom.xml` na ujenge upya. Na kama ungekuwa unatumia Gradle, ungepaswa kuitazama nayo, kwa sababu Gradle inaweza kuendeshwa na Java 21 kuanzia toleo la 8.5 tu, chini ya hapo hulalamika kwa "Unsupported class file major version 65". Mwanzisha uzi ameshawapa hesabu ya namba hiyo.

#10 – Mchangiaji

Wakuu, mimi niko kwenye mtandao wa ofisi. Maven haipakui chochote. Kila ikijaribu inatoa "PKIX path building failed: unable to find valid certification path to requested target". Kwenye kivinjari anwani ile ile inafunguka vizuri. Nikienda nyumbani na kutumia bando la simu, inapakua.

#11 – Mwanzisha uzi

Umetoa ushahidi unaotosha, mkuu. Kinachotofautiana ni mtandao, si kompyuta. Ofisi nyingi zina kifaa cha ulinzi kinachofungua mawasiliano ya HTTPS, kuyakagua, kisha kuyafunga upya kwa cheti cha ofisi. Kivinjari kinakikubali cheti hicho kwa sababu watu wa TEHAMA wamekiweka kwenye hifadhi ya vyeti ya Windows. Java haitazami huko. Ina hifadhi yake iitwayo `cacerts`, ndani ya folda ya `lib/security` ya JDK, na cheti cha ofisi hakimo.

Thibitisha kwanza: fungua https://repo.maven.apache.org kwenye kivinjari ukiwa ofisini, bonyeza alama iliyo kando ya anwani na usome cheti kimetolewa na nani. Ukiona jina la ofisi yako au la kifaa cha ulinzi, shauri limekwisha. Waombe watu wa TEHAMA faili ya cheti hicho cha mzizi, fungua dirisha la amri kama msimamizi, na uendeshe:

    keytool -importcert -cacerts -alias ofisi -file ofisi.cer

Nywila ya hifadhi hiyo, kama hakuna aliyeibadilisha, ni `changeit`. Chaguo la `-cacerts` lipo kuanzia JDK 9. Kwenye Java 8 utalazimika kutaja njia nzima ya faili kwa `-keystore`. Na hapa tunarudi kwenye hoja ileile: kila JDK ina `cacerts` yake. Tumia `keytool` iliyomo kwenye JDK ambayo `mvn -v` inaitaja, la sivyo utakiingiza cheti kwenye Java moja na Maven itaendelea kutumia nyingine. Siku utakayosakinisha JDK mpya utarudia zoezi hili.

Utaona watu wanashauri kuzima kabisa ukaguzi wa vyeti. Sikushauri. Maven hupakua programu ambazo zitaendeshwa ndani ya kompyuta yako, na kuzima ukaguzi ni kukubali kupokea chochote kutoka kwa yeyote.

Kwa wengine wenye kosa la jamii hii ambalo linatokea kwenye mtandao wowote: tazameni saa ya kompyuta. Kompyuta ya mezani ambayo betri yake ndogo ya ubao mama imekufa hurudi miaka mingi nyuma kila umeme unapokatika, na kwa tarehe hiyo cheti chochote cha leo huonekana bado hakijaanza kutumika.

#12 – Mchangiaji

Langu linahusu bando. Liliisha katikati ya Maven kupakua. Nimeongeza bando jingine, intaneti ipo, lakini Maven inasema maktaba haikupatikana na haijaribu hata kupakua. Inajibu papo hapo. Je, kuna namna ya kupakua kila kitu mara moja nikiwa kwenye Wi-Fi ya chuo, kisha nifanye kazi nyumbani bila intaneti?

#13 – Mchangiaji, msanidi wa mifumo ya afya

Soma ujumbe wako hadi mwisho na utaona maneno "This failure was cached in the local repository". Maven inapokosa kitu huandika kumbukumbu ya kushindwa kwake, faili inayoishia na `.lastUpdated`, ndani ya folda ya `.m2/repository` ambamo hutunza maktaba ilizopakua, na kwa kawaida haijaribu tena hadi siku ipite. Ilazimishe kwa `mvn -U` pamoja na amri uliyokuwa ukiendesha. Ikiwa baada ya hapo inalalamika kwamba faili fulani ya `jar` haisomeki, basi faili hiyo ilipakuliwa nusu. Ifute folda ya maktaba hiyo moja tu na uache Maven iilete upya. Usifute `.m2` nzima kama wengi wanavyoshauri, maana utalipa bando kwa vitu ambavyo havikuwa na kasoro.

Kuhusu kufanya kazi bila intaneti, amri ya `mvn dependency:go-offline` husaidia lakini haifikii kila kitu. Baadhi ya viungio vya Maven (plugins) huamua vikiwa kazini ni kipande gani vinachokihitaji; kiungio cha majaribio, Surefire, ni mfano mzuri, kwa kuwa hupakua sehemu inayolingana na toleo lako la JUnit (maktaba ya kuandikia majaribio) pale tu majaribio yanapoanza kuendeshwa. Ukiwa chuoni, endesha `mvn verify` kamili, majaribio yakiwemo, hadi imalizike kwa mafanikio. Kabla ya kuondoka, iendeshe tena kwa `mvn -o verify`, ambayo inaikataza Maven kugusa intaneti. Ikipita hapo, itapita nyumbani.

Unaweza pia kunakili `.m2/repository` kwenye flashi na kumpelekea mwenzako. Angalizo ni kwamba kando ya kila maktaba kuna faili ndogo ya `_remote.repositories` inayokumbuka maktaba ilitoka kwenye hifadhi yenye kitambulisho gani. Ikiwa `settings.xml` yake, faili ya mipangilio ya Maven ya mtumiaji, inatumia kitambulisho tofauti na chako, Maven yake itadai maktaba haipo huku `jar` anaiona kwa macho, kwa hiyo mpe na `settings.xml` yako.